Redio ya gari yenye skrini ya kugusa na Bluetooth: maswali tunayoulizwa kila siku Dar

Kazi yangu ni umeme wa magari, na miaka ya karibuni nusu ya kazi hiyo imekuwa redio. Maswali haya nimeyaokota kwenye simu na WhatsApp. Mengi huja mtu akiwa tayari amesimama dukani Kariakoo, winga (mtu wa kuvutia duka wateja) kamshika mkono, na anataka jibu ndani ya dakika moja. Nimeyapa namba ili nisirudie maneno: ukiona nimeandika "soma la 6", ruka uende huko.

## Kabla hujatoa hela

1. Gari langu lina redio yake ya Kijapani na inalia vizuri. Kuna haja ya kubadilisha?

Kama unasikiliza CD na stesheni mbili tatu zinakutosha, haja hakuna. Wengi wanaobadilisha wana moja ya shida tatu.

Ya kwanza ni FM. Redio iliyotengenezwa kwa soko la Japani hushika kuanzia 76 hadi 90 MHz, na matoleo ya karibuni hufika 95. Stesheni zetu zimepangwa kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana Clouds 88.5 unaipata bila shida, EFM 93.7 kwenye redio nyingi hauipati, na Times 100.5 usiiote kabisa.

Ya pili ni lugha. Redio nyingi za aina hii hazina Kiingereza ndani yake, acha Kiswahili. Hakuna mahali pa kubadilisha, hata ukibonyeza mpaka kesho.

Ya tatu inauma zaidi: kadi ya ramani. Redio kadhaa za Toyota hutumia kadi ya SD yenye ramani ya Japani, na kadi isipokuwepo skrini inakwama ikiidai. Magari mengi yanafika bandarini kadi imeshachomolewa. Ongeza na kufuli: betri ikitolewa mara moja tu, baadhi zinajifunga na kuomba namba ya kufungulia. Unabaki na kioo kizuri kisichofanya lolote, na hata kikifanya kazi kinakuonyesha mitaa ya Nagoya wewe uko Buguruni.

2. Si nifunge konveta tu nipate FM zote?

Inawezekana, na ni nafuu. Konveta hukaa kati ya antena na redio, ikishusha masafa yote kwa kiasi kimoja. Kama yako inashusha 15, basi 93.7 utaikuta kwenye 78.7. Ubaya wake ni hesabu hiyo ya kichwani, na za bei ya chini huleta mkwaruzo ukifika sehemu zenye minara mingi. Kwa mtu anayetaka FM peke yake, konveta nzuri inatosha. Ukitaka kupokea simu na kucheza nyimbo za kwenye simu yako, endelea kusoma.

3. Dukani naambiwa MP5, Android, CarPlay. Tofauti yake nini?

MP5 ni redio ya kawaida yenye skrini. Ina Bluetooth, FM, tundu la USB, na sehemu ya kuchomeka kamera ya nyuma. Haina duka la programu wala ramani. Inawaka papo hapo na haina mambo mengi ya kuharibika. Nyingi ni za inchi 7.

Redio ya Android ni kama tableti iliyofungwa kwenye dashibodi. Ina Wi-Fi, Google Maps, YouTube, na unaweza kupakua programu nyingine. Uzuri wake unategemea uwezo wa ndani, na hapo ndipo watu wanapigwa (soma la 8).

CarPlay na Android Auto si aina ya redio. Ni njia ya simu yako kuonekana kwenye skrini ya gari: CarPlay kwa iPhone, Android Auto kwa simu za Android. CarPlay ilianza mwaka 2014, Android Auto mwaka uliofuata. Kazi yote inafanywa na simu, redio inaonyesha tu. Utazikuta kwenye redio za majina makubwa kama Pioneer, Kenwood na Sony, na kwenye redio nyingi za Android za kisasa.

Angalizo moja: boksi la MP5 likiandikwa "Mirror Link" halimaanishi CarPlay. Hiyo ni kuakisi kioo cha simu, tena mara nyingi kwa waya na kwa kusuasua. Muuzaji akikwambia ni kitu kilekile, mwambie akionyeshe hapo hapo kwa simu yako.

4. Sasa ninunue ipi?

Anza na simu yako, usianze na skrini. Mwenye iPhone au simu nzuri ya Android, mimi humshauri redio yenye CarPlay au Android Auto inayofanya kazi kweli, hata kama ni inchi 7. Simu ukiibadilisha baada ya miaka miwili, na redio imepata akili mpya bila wewe kuigusa.

Mwenye simu ndogo ambaye anataka simu bila mikono, nyimbo na kamera ya nyuma, MP5 nzuri inamtosha. Najua haina sifa barazani. Lakini nimefungua redio nyingi za Android zilizochoka baada ya mwaka mmoja, na MP5 za wakati huohuo bado zinapiga mzigo.

Redio kubwa ya Android inamfaa anayekaa muda mrefu ndani ya gari: dereva wa teksi ya mtandaoni, au mtu wa Kibaha anayekula foleni ya Morogoro Road asubuhi na jioni. Huyo anunue yenye nguvu, si ya bei ya kati yenye maneno mengi.

5. Nitenge shilingi ngapi?

Bei zinapanda na kushuka, kwa hiyo sitaandika namba ambayo wiki ijayo itakuwa uongo. Ila usimalizie hela yote kwenye redio. Bado kuna fremu ya dashibodi, soketi ya gari lako, kamera na fundi. Mteja anayefika kwangu na redio ya inchi 10 mkononi, halafu ananiambia "fundi, nyaya unganisha tu na tepu," huyo ninajua tutaonana tena.

## Kuingia kwenye dashibodi

6. Nitajuaje redio itaingia kwenye gari langu?

Pima tundu, si uso wa redio. Redio nyembamba, DIN moja, ni milimita 180 kwa 50. DIN mbili ni 180 kwa 100. Toyota nyingi zina tundu pana la 200 kwa 100, ndiyo maana ukifunga redio ya kawaida kwenye IST au Spacio unabaki na mwanya wa sentimita moja kila upande. Kuna vipande vya plastiki vya kuziba mwanya huo. Vinapatikana kwa urahisi, usikubali kuachiwa tundu.

Redio za inchi 9 na 10 ni habari nyingine. Hizo kioo chake hakiingii kwenye tundu, kinakaa juu ya fremu iliyotengenezwa kwa gari fulani la mwaka fulani. Fremu ya Vitz ya 2008 si ya Vitz ya 2012. Nenda dukani na picha ya dashibodi yako, aina ya gari na mwaka lilipotengenezwa, ule wa Japani, siyo mwaka lilipofika Tanzania.

7. Inchi 9 ni bora kuliko inchi 7?

Kwa ramani na kamera, ndiyo. Kwa mengine inategemea dashibodi. Kabla hujalipa, shika fremu pale inapokaa na uangalie mambo mawili: je, inafunika matundu ya AC au kitufe cha hazadi? Na vitufe vya sauti viko upande gani?

Hilo la pili halisemwi na watu. Redio nyingi za Kichina zimechorwa kwa gari lenye usukani kushoto, hivyo vitufe vya sauti viko ukingo wa kushoto wa kioo. Sisi usukani wetu uko kulia. Kila ukitaka kupunguza sauti unanyoosha mkono mpaka kwa abiria. Fremu nazo zina matoleo mawili, la usukani kushoto na la kulia, na kwenye baadhi ya magari haziingiliani kabisa. Uliza kwa maneno hayohayo: "Hii ni ya usukani wa kulia?"

## Kusoma boksi bila kudanganywa

8. Imeandikwa RAM 8 na Android 13. Niamini?

Usiamini boksi, na usiamini hata ukurasa wa mipangilio. Kwenye redio hizi namba ya RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) na toleo la Android vinaweza kuandikwa upya na aliyetengeneza au aliyeuza. Nimekutana na redio inayosema Android 13, ukiweka programu ya kupima kama AIDA64 inakuonyesha API 29, ambayo ni Android 10. Android 13 halisi ni API 33.

Toleo la zamani peke yake si dhambi. Android 10 yenye prosesa nzuri inakimbia vizuri kuliko "13" ya uongo. Angalia prosesa: UIS7862 ya Unisoc ina viini 8 na inabeba kazi bila kuhema, tena inapokea laini ya 4G yenyewe. Allwinner T3 ina viini 4 vya aina ya zamani. Kwa nyimbo na FM sawa, kwa ramani na YouTube kwa pamoja utachoka wewe kabla yake.

Kwa RAM, GB 2 ni ya kuvumilia, GB 4 ndiyo ninayoiona inakaa miaka. GB 1 niliacha kufunga. Mteja analalamika mwezi wa pili na lawama zinakuja kwangu.

Kama huna programu ya kupima, fanya hivi dukani: fungua Google Maps, iache, cheza wimbo, rudi kwenye ramani, kisha mwambie muuzaji aunganishe waya wa rivasi. Picha ya kamera ichukue sekunde moja hivi kuja. Ikisita hapo dukani penye baridi ya feni, fikiria saa nane mchana Posta.

9. 4×60W ni nguvu ya kweli?

Geuza redio nyuma, tazama fyuzi. Nyingi zina ya ampea 10 au 15. Gari likiwa linaunguruma umeme wake ni kama volti 14.4. Zidisha kwa 15, unapata wati 216, na hiyo ndiyo yote redio inayoweza kuvuta kabla fyuzi haijakatika. Ndani ya hizo kuna kioo, prosesa, na sehemu kubwa inageuka joto. Zitatokaje 240 za kwenda kwenye spika? Uhalisia wa redio nyingi ni wati 15 hadi 22 kwa kila spika, na kwa milango ya Vitz hizo zinatosha. Ukitaka kutetemesha vioo, nunua amplifaya.

10. Kioo hakionekani juani. Nichague nini?

Chagua kioo cha IPS, hakibadiliki rangi ukikitazama kwa pembeni. Kisha toka nacho nje ya duka ukijaribu juani, maana chini ya taa za dukani kila kioo ni kizuri. Epuka vile vya kubonyeza kwa nguvu kama mashine za zamani. Kioo kizuri kinaitikia mguso mwepesi.

Na joto ni adui halisi. Gari lililoegeshwa juani Dar, juu ya dashibodi panaweza kupita nyuzi 60. Kizuizi cha jua cha kuweka kioo cha mbele kinarefusha maisha ya redio kuliko waranti ya miezi sita.

## Bluetooth, simu na bando

11. Nikipiga simu mtu wa upande wa pili anasema nipo ndani ya pipa. Kwa nini?

Redio inatumia maiki iliyo kwenye uso wake, iko mbali na mdomo wako na karibu na AC. Redio nyingi zina tundu la maiki ya nje nyuma. Ifunge kwenye nguzo ya kioo upande wako au juu ya safu ya usukani, waya upite ndani ya plastiki. Ni kazi ya robo saa, na ndiyo tofauti kubwa kuliko zote utakayoipata kwa hela ndogo.

Kama tayari ipo na bado unasikika vibaya, angalia kwenye mipangilio kama redio imeambiwa itumie maiki ya nje. Fundi huchomeka akasahau hapo. Nami nimeshasahau.

12. Simu inaunganika lakini wimbo hautoki. Au wimbo unatoka, simu zinaingia kwenye simu yenyewe.

Bluetooth ina njia tofauti kwa simu na kwa muziki. Kwenye simu yako nenda kwenye mipangilio ya Bluetooth, gusa jina la redio, hakikisha "simu" na "sauti za media" zote zimewashwa. Isipokubali, ifute redio kwenye simu na simu kwenye redio, uanze upya pande zote mbili. Kufuta upande mmoja hakusaidii.

13. Naweza kuunganisha simu mbili, yangu na ya mke wangu?

Redio nyingi zinakumbuka simu kadhaa ila zinafanya kazi na moja kwa wakati mmoja. Za majina makubwa baadhi zinashika mbili kwa pamoja. Mkiingia garini wote, redio hukimbilia iliyoungana mara ya mwisho. Ugomvi mwingine uko nje ya uwezo wa fundi.

14. Redio ya Android itakula bando langu?

Ramani inakula kidogo, YouTube inakula sana. Kinacholamba bando kimyakimya ni programu kujisasisha zenyewe, kwa hiyo zima usasishaji kwenye Play Store siku ya kwanza. Pakua ramani ya Dar es Salaam na Pwani ndani ya Google Maps ukiwa na Wi-Fi ya nyumbani, na utatembea hata bila bando. Utakosa taarifa za foleni tu.

Unaweza kutumia hotspoti ya simu au laini ndani ya redio kama inapokea. Laini hiyo isajili kwa kitambulisho chako na alama za vidole kama laini nyingine yoyote. Usinunue iliyosajiliwa na mtu mwingine.

15. Flashi yangu haisomi.

Ifomati kwa FAT32. MP5 nyingi hazitambui mfumo mwingine. Nakili nyimbo kwanza, kufomati kunafuta kila kitu.

## Kufunga

16. Fundi anataka kukata soketi ya gari. Nikubali?

Hapana. Kuna soketi za kuunganisha kati ya redio mpya na gari, za Toyota ni zile zenye pini 10 na pini 6, bei yake ni ndogo. Ukikata, siku ya kurudisha redio ya zamani au kubadilisha nyingine unabaki na mkia wa nyaya usio na jina.

Na rangi zinachanganya wasiojua. Kwenye redio mpya, njano ni umeme wa kudumu kutoka betri, nyekundu ni umeme wa swichi, nyeusi ni ethi. Kwenye Toyota umeme wa kudumu ni bluu yenye mstari wa njano, wa swichi ni kijivu, ethi ni kahawia. Fundi anayeunganisha "rangi kwa rangi" atakuunguzia kitu. Mwenye kazi yake anashika multimita kwanza. Ukimuona ana tochi ya mdomoni na wembe peke yake, sogeza gari.

Jambo moja la usalama: soketi zenye rangi ya njano chini ya dashibodi na usukani ni za airbag. Hazichokonolewi.

17. Kila nikizima gari redio inasahau saa na stesheni. Au asubuhi betri imekufa.

Ni shida mbili zenye chanzo kimoja: njano na nyekundu. Zikibadilishana, redio inakosa umeme wa kudumu, inasahau kila kitu. Zikiunganishwa zote kwenye betri, redio haizimi kikweli. Kioo kinaweza kuwa giza huku ndani inavuta umeme. Redio inayovuta ampea 1 inamaliza betri ya Ah 40 ndani ya saa 40: umeegesha Ijumaa jioni, Jumapili unakwenda kanisani gari haliwaki.

Mwambie fundi apime umeme unaovuja gari likiwa limefungwa na limetulia. Chini ya miliampea 50 ni kawaida. Redio za Android zina hali ya kulala ili ziwake haraka asubuhi. Kama gari lako linakaa siku nyingi bila kutumika, weka mpangilio wa kuzima kabisa na ukubali kusubiri nusu dakika.

18. Tangu nifunge redio mpya, FM inakwaruza kuliko ile ya zamani.

Mara tisa kati ya kumi ni waya wa bluu. Antena za kisasa, ile fupi ya juu ya paa au ya kwenye kioo, zina kikuza mawimbi kinachohitaji volti 12. Redio ya zamani ilikuwa inaupeleka umeme huo kupitia soketi. Mpya inaupeleka kupitia waya wa bluu, na fundi ameuacha unaning'inia.

Ukishaunganisha, ingia kwenye mipangilio ya redio uangalie eneo. Ikiwa imewekwa Marekani, inaruka kwa 0.2, inagusa namba witiri tu: 88.5, 88.7, 88.9. Stesheni yenye namba shufwa baada ya nukta hauipati sawasawa. Weka Ulaya. Ikiwa imewekwa Japani, rudi swali la 1.

19. Kamera ya nyuma niliyokuja nayo kutoka Japani itafanya kazi?

Inaweza, lakini taratibu. Kamera nyingi za Toyota zilizofungwa kiwandani zinatumia volti 6, si 12. Niliwahi kuunguza ya Noah kwa kuipa 12 moja kwa moja. Picha ilikuja vizuri sana kwa dakika kama mbili, mteja akasema safi, nikaanza kurudisha plastiki, kikaja kiharufu kama cha chaja inayoungua. Nilinunua nyingine kwa hela yangu. Kuna kifaa kidogo cha kushusha umeme kwa ajili hiyo, mwambie fundi wako akitafute.

Kamera mpya ukinunua, linganisha aina ya picha na redio. Kamera za AHD (zile za picha kali) hazionyeshi kwenye MP5 za kawaida. Na waya wa kuiamsha unatoka kwenye taa ya rivasi, siyo kwenye swichi.

20. Vitufe vya usukani vitaendelea kufanya kazi?

Kwenye Toyota na Nissan nyingi ndiyo, kwa nyaya zilizoandikwa KEY1 na KEY2, kisha unaifundisha redio kila kitufe kimoja kimoja. Magari ya Ulaya kama BMW na Volkswagen yanahitaji kiboksi cha kutafsiri mawasiliano ya gari. Hakikisha kimo ndani ya boksi kabla hujaondoka dukani.

## Kununua Kariakoo

21. Nitatambuaje Pioneer au Sony feki?

Bei ndiyo ya kwanza kusema. Kisha menyu: feki inawaka ikiwa na nembo ya kampuni, lakini ukiingia ndani unakuta menyu zilezile za MP5 isiyo na jina. Chukua namba ya modeli nyuma ya redio, iandike kwenye tovuti ya kampuni hapo hapo. Isipokuwepo, au picha ikiwa tofauti na uliyoshika, rudisha kwa heshima.

Winga atakwambia, "Bosi wangu, hii ndiyo habari ya mjini, chukua hii nikupe bei ya asubuhi." Msikilize, wengine wanajua vitu kweli. Ila hela mpe mwenye duka, na udai risiti ya EFD yenye jina la duka. Bila risiti, waranti ya maneno inaisha ukivuka Msimbazi.

22. Redio ya mtumba kutoka Gerezani, pale jirani na Kariakoo, je?

Za majina makubwa zikiwa mtumba mara nyingi ni bora kuliko mpya isiyo na jina, mradi ujaribu na betri hapo hapo: spika nne, FM, Bluetooth, mguso wa pembe zote nne za kioo. Ukikuta ni ya soko la Japani, unarudi kwenye shida ya swali la 1. Na uliza imetoka wapi. Redio yenye soketi iliyokatwa kwa kisu imetolewa na mtu aliyekuwa na haraka.

## Mambo ya pembeni

23. Nina Coaster. Naweza kufunga hizi?

Pima betri kwanza. Coaster na Fuso nyingi ni volti 24, redio hizi ni 12. Tumia kishusha umeme cha 24 kwenda 12 chenye ampea za kutosha redio yako. Usivute 12 kutoka betri moja kati ya mbili, mtindo unaopendwa sana gereji: betri ile inachoka peke yake, nyingine inachajiwa kupita kiasi, mwisho unanunua zote.

24. Harrier yangu, AC inaonekana kwenye skrini ya redio. Nikiitoa?

Baadhi ya Harrier na Crown za zamani ziko hivyo. Ukiitoa bila mpango unapoteza mahali pa kuona na kuweka AC. Zipo redio zilizotengenezwa kwa magari hayo zenye tafsiri ya AC ndani, na zipo njia za kuacha skrini ya zamani ukaongeza Bluetooth pembeni. Mimi hupendelea hiyo ya pili. Gari lenye amplifaya yake ya kiwandani, hasa yenye nembo ya JBL, nalo lisiguswe na fundi ambaye hajawahi kulifanya.

25. Prius au Aqua kuna hatari?

Redio yenyewe ni volti 12 kama kawaida. Nyaya nene za rangi ya chungwa ndizo za umeme mkubwa; hazihusiani na redio na asizisogelee mtu. Betri ndogo ya hybridi ni nyepesi kuchoka, kwa hiyo la 17 lisome mara mbili.

26. Naweza kutazama video nikiendesha?

Kuna waya wa hendibreki unaozuia video gari likitembea, na mafundi wengi wanauunganisha moja kwa moja kwenye ethi ili usizuie. Mteja akiniomba hivyo namkatalia. Dereva wa bodaboda anayekatiza mbele yako Mwenge hana habari na tamthilia yako.

27. Vibaka wataiona?

Kioo cha inchi 10 kinaonekana kutoka mbali, hasa kikiachwa kinawaka. Chonga namba ya gari nyuma ya redio na kwenye fremu, kama watu wanavyochonga kwenye saiti mira. Piga picha namba ya utambulisho ya kiwandani (serial), uitunze kwenye simu.

28. Nikiuza gari, redio naenda nayo?

Ni yako, ila mwambie mnunuzi kabla hajaliona gari. Kama soketi haikukatwa, unarudisha ya zamani kwa nusu saa. Ile ya zamani iwe imetunzwa ndani, si stoo yenye panya.

Ukiiacha garini, toa akaunti yako ya Google, futa simu zote zilizounganishwa, kisha irudishe kama ilivyotoka kiwandani. Dada mmoja aliniletea Passo aliyonunua mkononi, akitaka kuunganisha simu yake. Nilipofungua orodha ya majina, yote ya mwenye gari wa kwanza yalikuwa bado humo: bosi, fundi bomba, mkopeshaji wa Tandika, na mtu aliyehifadhiwa kwa jina la "Usipokee".